Tangawizi Yangu, Sifa kwa Wifi

Hivi wewe unayenisikiliza, umeshawahi kufukuzwa nyumbani kwako kwa sababu majani yamegeuka njano? Hujawahi. Basi sogeza hicho kigoda kivulini ukae vizuri, maana mimi nimeshawahi, na wiki iliyopita tumemzika mmoja wa walionifukuza, na pale pale msibani nikatukanwa mara ya pili, nikiwa nimeshika kikombe cha chai mkononi.

Aliyekufa ni Felista, wifi yangu, dada wa mume wangu Deo. Mungu ampumzishe, na akimaliza kumpumzisha amuulize maswali mawili matatu. Tulikaa hapa hapa uwanjani Kibaoni, chini ya turubai, wanawake kwenye mikeka, wanaume kwenye viti vya kukodi, vikombe vya plastiki vinazungushwa. Chai ya maziwa, siku hizi Wasukuma wametuletea ng'ombe mpaka maziwa hatuyaoni tena kuwa kitu cha sikukuu, na ndani yake imetwangwa tangawizi kali, ile inayokukuna koo mpaka machozi yanatoka hata kama humlilii mtu. Akasimama Anjela. Anjela ni mjukuu wa Felista, binti wa mtoto wake Joyce, kwa hiyo na mimi ni mjukuu wangu, kwetu mjukuu hagawanywi kama nyama ya ng'ombe. Amemaliza kidato cha nne, sauti yake nzuri, hatetemeki mbele ya watu, wakampa karatasi asome historia ya marehemu. Akasoma alizaliwa wapi, akabatizwa wapi, mimi natikisa kichwa, nasema kweli, kweli. Halafu akasoma, "Marehemu bibi yetu alikuwa mkulima hodari. Ndiye aliyeleta mbegu ya tangawizi hapa kwetu na kuwafundisha wanawake wenzake kuilima." Na wanawake wakaitikia, mmh, kweli, tena kwa huzuni. Mimi nilikuwa nimeshapiga funda. Kumeza nikashindwa, na kutema mbele ya jeneza nisingeweza. Nikakaa nayo mdomoni mpaka ikapoa.

Nikasema moyoni, Skolastika, miaka yote hii umenyamaza, leo hata wafu wanakuzidi mdomo. Mimi shule niliishia darasa la tatu, kusoma kwangu ni kwa kupapasa, lakini kusema sikufundishwa na mtu, nilizaliwa nako. Basi nitasema.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, wakati redio zote zinazungumza vyama vingi, asubuhi vyama vingi, jioni vyama vingi. Deo alikuwa na redio ya mbao, betri zikiisha anazianika juani kama dagaa. Nilikuwa msichana tu, ndoa yangu ina miaka mitano, mtoto sina. Mimba mbili zilikuwa zimeingia zikatoka. Nyumba ilikuwa hii hii unayoiona, ila wakati ule nusu bati nusu nyasi. Chumba cha mbele alilala mama mkwe, cha katikati Felista na Joyce wake mdogo, maana Felista alikuwa ameachika huko Mlimba akarudi kwao na godoro na mtoto na hasira zake. Sisi tulikuwa chumba cha nyuma, kinachogusana na jiko, moshi wote wetu. Asubuhi nikiamka nanuka kama kambale wa kubanikwa. Deo alikuwa anasema ananipenda hivyo hivyo, na kambale anampenda sana, kwa hiyo nilimwamini.

Nyuma ya jiko kulikuwa na bafu la matete, na maji ya kuogea yalikuwa yanatiririka kwenda kwenye migomba. Pale udongo mweusi, laini, kivuli muda wote. Mpunga tulikuwa tunalima Michenga, bondeni, huko ndiko kwenye kazi ya watu wote. Mimi nilitaka kitu changu, hata kiwe kidogo kama mkeka. Siku moja nilikwenda kivukoni kupokea mzigo, nikamkuta mama mmoja mtu mzima amevuka kutoka upande wa Mahenge na kikapu cha tangawizi. Kwetu wakati ule tangawizi tunaijua ya kununua, kijikidole kimoja cha kuweka kwenye chai mgeni akija. Nikamsalimia, shikamoo mama, nikamwuliza hii inapandwaje. Akanicheka, akakaa chini, akachukua moja akaivunja. "Angalia hapa, binti. Hili ni jicho. Kila kipande kiwe na jicho. Unalilaza likitazama juu, unafunika na udongo kidogo na majani makavu mengi. Maji yasituame. Halafu usiichezee. Ikiwa tayari itakuambia yenyewe." Akanipa vipande kwenye kitambaa. Na mimi mjinga, kwa furaha, sikumwuliza itaniambia kwa lugha gani. Hilo ndilo kosa langu katika habari hii yote, na nimelilipa.

Nilipanda mvua za kwanza zilipodondoka. Felista alikuja na mswaki mdomoni, akasimama akaniangalia. "Wifi, unazika nini hapo?" Nikamwambia tangawizi. "Tangawizi ni ya watu wa milimani. Hapa utavuna minyoo." Hayo ndiyo mafundisho aliyowapa wanawake wenzake, kama unataka kujua. Ikachipua kama vijiti vya kijani, ikapanda, majani yake membamba kama ya mtama mchanga, ukiyasugua yananukia mkononi. Kila nikitoka kuoga nilikuwa nachungulia. Nilikuwa sina mtoto wa kumchungulia, nikawa nachungulia tangawizi. Mama mkwe naye akaja siku moja, akanusa jani, akasema, "Hee, Skola, kumbe." Hilo neno kumbe nililala nalo.

Sasa lazima nikueleze habari ya chumvi, bila hiyo hutaelewa lolote. Katika nyumba ile, kama nyumba nyingi za kwetu wakati ule, mwanamke akiwa kwenye siku zake hatii chumvi kwenye mboga. Atapika, atachochea, ataonja kwa macho, lakini chumvi atamwita mtoto atie. Akitia yeye, wanasema, wanaokula wanapata kifua, wanakohoa mpaka wanakonda. Na bustani haingii, akipita kwenye maboga yanakauka, akipita kwenye nyanya zinaoza. Chumvi ilikaa kwenye kifuu kilichoning'inizwa juu ya mafiga, na mwitwaji alikuwa Joyce, wakati huo ana miaka sita hivi. Ukisikia jikoni, "Joyce, njoo utie chumvi," nyumba nzima imeshajua habari za mwili wako. Deo anajua, mama mkwe anajua, jirani aliyekuja kuomba moto anajua. Ukiniuliza kama nilikuwa naona vibaya, nitakuambia kweli, sikuwa naona chochote. Ilikuwa kama kuvua viatu mlangoni. Hasira hizi nimezipata baadaye, zikiwa zimeiva.

Mpunga ukaanza kuchanua tukahamia Michenga, mimi na Deo, kwenye dungu, kibanda kile cha juu ya miti, tunaamia ndege. Mama mkwe na Felista wakabaki hapa Kibaoni mpaka siku za kuvuna. Huko bondeni ndiko nilikofurahi maisha yangu. Tunapiga debe, tunapiga kelele, ndege wanaruka wote kwa pamoja kama kanga iliyokung'utwa, mchana tunakula wali wa mpunga mpya uliotwangwa pale pale na perege aliyetoka kwenye dimbwi. Mpunga ulipogeuka njano Deo alisimama kwenye ngazi ya dungu akaimba. Mtu mzima na visu vyake viwili kiunoni, anaimba kwa sababu majani yamekuwa njano. Kumbuka hilo, weka pembeni, nitakuja kulichukua. Huko huko ndiko nilikogundua siku zangu zimepita na hazikuja. Nikasubiri, nikamwambia Deo tukiwa tunafunga magunia. Alicheka bila sauti, akanishika mkono, akasema, "Usimwambie mtu." Nikamwambia najua. Mama mkwe mwenyewe ndiye aliyenifundisha, ile ya pili ilipotoka. Alikaa kitandani kwangu akasema, "Mwanangu, mimba haitangazwi. Unaiacha ionekane yenyewe. Wewe uliwahi kusema." Nikaziba mdomo wangu kwa maneno yake mwenyewe.

Tukarudi Kibaoni na mpunga. Watu wote wanakohoa, kupura ni vumbi tupu, na mama mkwe kifua kikamshika vibaya kuliko wote. Anakohoa anakula, anakohoa anasali. Mimi napika, natia chumvi kila siku. Kwa nini nisitie? Nilikuwa safi kuliko maji ya mvua. Nikaenda kuichungulia tangawizi yangu, nikakuta ncha za majani zimeanza kupauka. Kesho yake njano. Wiki iliyofuata njano yote, mengine yameshalala chini. Nilipiga magoti pale kwenye migomba nikayashika yakakatika mkononi, makavu. Nikafikiri maji ya sabuni. Nikafikiri mchwa. Halafu, na hili ndilo linaloniuma kuliko yote, nikafikiri labda ni mimi. Labda mimi ni mtu ambaye vitu havikai kwake. Vinaingia vinatoka. Nikashika tumbo. Nikawa naogopa kuligusa lile tuta na naogopa kuligusa tumbo, na nikaona ni woga mmoja.

Basi Jumapili moja, tumetoka kanisani, tumekula, bado tuko kwenye mkeka uwanjani. Kambale wa mchuzi, wali, majani ya maboga. Nakumbuka kwa sababu mifupa ya kambale ilikuwa bado iko kwenye sahani na kuku wanainyemelea. Deo kwenye kigoda na redio yake mapajani, wanazungumza vyama vingi, kila mwananchi ana haki ya kutoa maoni yake. Mama mkwe akakohoa, akakohoa tena, akashika kifua. Felista akasema, "Mama, hiki kikohozi chako mimi nakijua." Akamwita Joyce. Joyce akaja anakimbia, mkono una ukoko wa wali.

"Joyce, mama Skola alikuita lini utie chumvi?"

Mtoto akafikiri. "Zamani."

"Zamani lini?"

"Kabla hawajaenda kwenye mpunga."

Felista akageuka kwa mama yake. Hakunigeukia mimi. "Umesikia? Wamerudi na mwezi umekwisha na mwingine unakwisha. Mwanamke gani anakaa hivyo? Anaingia mwezini anaficha, anatupikia, anatutilia chumvi kwa mkono wake. Wewe unakohoa. Halafu nenda kaangalie tuta lake kule nyuma. Limekauka lote. Amelipita mwenyewe, limekufa. Mimi sisemi uchawi, wifi, usinune. Mimi nasema chumvi."

Jirani yetu alikuwa amekuja kurudisha ungo. Akasimama nao hapo hapo. Hakuuweka chini wala hakuondoka.

Mama mkwe akaniuliza kwa upole, na ule upole ulikuwa mbaya kuliko kofi. "Skola, mwanangu, ulipita kwenye lile tuta ukiwa kwenye siku zako?"

"Hapana, mama."

"Na chumvi?"

"Chumvi nimetia nikiwa safi."

"Siku zote hizo, safi?"

"Safi, mama."

Felista akacheka. "Basi tumeoa malaika."

Na mama mkwe, mwanamke aliyezaa watoto sita, mkunga aliyepokea nusu ya watoto wa mtaa huu, akaliangalia tumbo langu. Mara moja tu. Halafu akaangalia pembeni, kama mtu aliyechungulia mtungi anaoujua hauna maji. Hilo jicho mimi nalikumbuka. Yaani mwanamke hajaona siku zake tangu mpunga, na wanawake wawili wazima wamekaa wanahesabu, na hesabu yao ikafika kwenye uchafu, ikafika kwenye uongo, ikafika kwenye kuua mimea, haikufika kwenye mtoto. Maana walishaamua. Skola si wa kuzaa. Ukishaamuliwa hivyo hata ukivimba watasema umekula sana.

Nikamwangalia Deo. Alikuwa anajua, nimekuambia. Watu wawili tu duniani walikuwa wanajua, na mmoja alikuwa amefungwa mdomo na sheria ya mama yake mwenyewe. Deo akashika kitufe cha redio akakizungusha, sauti ikapungua. Nikasema moyoni, haya, anapunguza aseme. Kumbe alipunguza ili asikie vizuri wanavyonisema. Akakaa. Kuku akachukua mfupa. Halafu akasema anatazama chini, "Skola, nenda Idete kwa mama yako kidogo. Mambo yapoe."

Mambo yapoe. Kama mimi ni uji.

Nikaondoka kesho yake na lori lililokuwa linapita kuchukua mpunga, nimekaa juu ya magunia matupu na kanga zangu tatu. Mama yangu Idete hakuniuliza kitu. Alinitazama nikishuka, akatazama namna nilivyojishika nikishuka. Tukaingia jikoni. Alikuwa anapika mchicha. Akachukua kopo la chumvi akanisogezea, akaendelea kukatakata kitunguu. Mimi nikatia chumvi nikilia, na mchicha ule ulizidi chumvi vibaya sana, na tuliula wote mpaka ukaisha.

Huko nikakaa mpaka tumbo likajionyesha lenyewe kama sheria inavyotaka. Siku moja naona baiskeli inakuja inayumba kwenye mchanga, ni Deo, na kikapu nyuma. Akashuka, akamsalimia mama, shikamoo mama, mama akaitikia kwa pua. Akafungua kikapu. Tangawizi. Mikono mizima ya tangawizi, minene, vidole vimejikunja, udongo bado umo katikati. Sijawahi kuona kitu kizuri hivyo na kukichukia hivyo.

"Imetoka wapi?"

"Kule nyuma. Felista alikuwa anapiga matuta ya viazi pale palipokauka. Jembe likatoa hizi. Chini imejaa, Skola. Imejaa."

Ndipo ikaniingia. Ilikuwa imeniambia yenyewe. Ilikuwa imeiva, imeacha majani yake yafe kwa sababu haina kazi nayo tena. Na sisi ni watu wa mpunga. Sasa chukua lile nililokuambia uweke pembeni. Sisi tunaozaliwa kwenye mpunga, tunaozikwa na wali wa mpunga, tunaopanda juu ya dungu kuimba majani yakigeuka njano, tukaona majani ya njano nyuma ya bafu tukasema kuna mwanamke mchafu. Hakuna mtu hata mmoja, wala mimi mwenye tuta, aliyesema ngoja tuingize mkono udongoni tuone. Mchwa angekuwa na akili kuliko sisi.

Nikamwuliza, "Wamesemaje?"

"Mama anasema urudi. Kikohozi chake kimepoa. Anakunywa hii kila asubuhi."

"Nimeuliza wamesemaje."

Akachora mchanga kwa kidole cha mguu. "Hawajasema kitu."

"Na Felista?"

"Felista ameshavunja vipande. Amepanda tena. Amepanua mpaka karibu na choo."

Nikacheka. Mama yangu alidhani nimepata wazimu. Nikamwambia Deo, "Na wewe? Wewe ulikuwa unajua." Akaniambia, "Nilikuwa nailinda mimba. Ningesema, ingetoka kama zile nyingine." Nikamwambia, "Ulikuwa unailinda shingo yako." Hakujibu, na mpaka leo hajajibu, na amelala humo ndani sasa hivi anajifanya hasikii.

Watu wanafikiri nilirudi kwa ajili ya mume. Nilirudi kwa ajili ya tangawizi yangu. Lakini nilipofika tuta lilikuwa na mwenyewe. Felista alikuwa anawagawia wanawake wa mtaa mbegu, anawaonyesha jicho kwa kidole, maneno ya yule mama wa kivukoni, niliyokuwa namhadithia kila siku, yanatoka kwenye mdomo wake. "Majani yakiwa njano, mashoga zangu, msishtuke. Ndio imeiva." Alisema hivyo mbele yangu. Mbele yangu na tumbo langu. Alikuwa hata haoni haya, nadhani alishasahau, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Mtu aliyekupiga akikumbuka mnaweza kukaa pamoja. Akisahau, unabaki na kipigo peke yako.

Nikajifungua mtoto wa kiume, tukamwita Tumaini, sasa hivi ana ndevu na maneno mengi. Siku ile mama mkwe aliingia na bakuli la uji, mweusi kwa pilipili manga na tangawizi, ule wa mzazi. Akakaa pale pale kitandani alipokaa zamani kunifundisha kunyamaza. Akanishikilia bakuli mwenyewe. Nikangoja. Nilisema moyoni, sasa atasema. Hata neno moja, mama, nisamehe, nilikuangalia vibaya. Akasema, "Kunywa. Ina joto." Nikanywa. Ulikuwa mtamu, sitadanganya. Nilikunywa tangawizi yangu niliyofukuziwa, kwenye bakuli la aliyenifukuza, kwa ajili ya mtoto waliyesema hayupo, na koo liliwaka mpaka kifuani. Yule mama alikufa akinipenda, hilo najua. Lakini neno hakulisema. Na Felista tumeishi naye uwanja mmoja miaka yote hii, tumesukana, tumeuguzana, nimemwogesha mwisho wake na mikono hii, na naye hakulisema. Tangu siku ile, jikoni kwangu, hakuna mtoto aliyeitwa kutia chumvi. Natia mwenyewe. Natia kwa makusudi.

Basi jana Anjela akaja kunisaidia kuosha masufuria ya msiba. Nikamwambia yote, kama ninavyokuambia wewe, sikupunguza. Aliacha kusugua. Maji yakapoa. Akaniuliza, "Bibi, na ile karatasi niliyosoma?" Nikamwambia karatasi si yako, uliandikiwa. Akajitazama mikono, masizi mpaka kwenye viwiko. Ni bibi yake aliyemlea, ujue. Alimlilia mpaka sauti ikakatika. Nikaona nimefanya vibaya, nikamwambia acha, mwanangu, yameshapita.

"Hayajapita," akasema. "Ungekuwa umeyasahau usingeshindwa kumeza chai. Nilikuona."

Kumbe aliniona.

Akasema, "Siku ya arobaini nitasoma tena. Wameshaniambia nitoe neno la shukrani. Nitasema mbegu ililetwa na Bibi Skolastika, ambaye yupo hapa, amekaa pale."

Deo akakohoa kutoka ndani. "Skola, marehemu hasemwi."

"Na aliye hai je?" nikamwuliza. Redio ikaongezwa sauti.

Nikamnong'oneza Anjela, "Sema ya tangawizi, inatosha. Ya chumvi iache, padre atakuwepo, na wakwe watakuwepo. Utatuaibisha."

Akachukua sufuria kubwa kuliko yote, akalipindua, akaanza kusugua kitako chake kwa mchanga. Akasema bila kuniangalia, "Bibi, nakuahidi. Ya chumvi ndiyo nitaanza nayo."